Kifungu cha 41 na cha 42 ni majirani

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunakaa Changamwe, Mombasa, chumba kimoja na nusu, hiyo nusu ikiwa ni pazia. Kutoka kwetu hadi Mikindani ni safari fupi ya matatu. Shangazi alikuwa anaishi upande huo, kwa hiyo nilipita hapo sijui mara ngapi, nikiwa nimepakatwa, halafu nikiwa nimesimama, halafu nikiwa mkubwa wa kulipa nauli yangu. Na miaka yote hiyo hakuna mtu aliniambia kuwa kando ya ile barabara kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru, na kuwa watoto wa rika langu pale walikuwa wanaumwa na kitu ambacho si malaria.

Nimekuja kujua nikiwa na miaka 20, nimeshaacha chuo, niko Nairobi nalala kwa kochi la rafiki, naangalia simu saa nane usiku. Niliona aibu, wallahi. Nilikuwa naweza kukuelezea mapinduzi ya Ufaransa na nilikuwa sijui kilichotokea vituo vichache kutoka kwetu.

Basi leo ni stori ya Owino Uhuru. Lakini nitaanzia mbali kidogo, 1947, mnivumilie, kwa sababu kuna kitu nataka kusema na nikikisema bila 1947 kitaonekana ni maoni ya kijana mwenye bando tu. Tumezoeshwa kuamini kuwa kupigania kazi na kupigania mazingira ni vita viwili tofauti. Vya kwanza ni vya wazee wa vyama, kofia, firimbi, Mei Mosi uwanjani, hotuba ndefu kwenye jua. Vya pili ni vya watu wa mashirika, tisheti mpya, miche ya miti na picha ya pamoja. Na katikati wameweka swali la kututisha: unataka kazi ama unataka hewa safi? Mimi nasema hilo swali ni la uongo. Ukiangalia Pwani yetu, watu ambao wamewahi kushinda kitu cha maana ni wale waliokataa kulijibu.

Sasa 1947. Vita vikuu vya pili vimeisha, bei ya kila kitu Mombasa imepanda, kodi ya nyumba imepanda, mshahara umebaki palepale. Watu wanalala wamebanana vyumbani Majengo. Tarehe 13 Januari, wafanyakazi kama 15,000 wanaacha kazi. Si watu wa bandari peke yao: watu wa reli, watu wa mahoteli, hata wapishi na watumishi wa nyumbani. Mji mzima unasimama kwa siku 12. Kila siku wanakutana kwenye uwanja mmoja Majengo, na hapo ndipo napapenda zaidi kwenye stori yote, kwa sababu uwanja wenyewe wanaupa jina: Kiwanja cha Maskini. Hawakungoja serikali iwape ukumbi. Walichukua uwanja wa mpira, wakaubandika jina lao, wakaketi chini kupanga mambo.

Kutoka hapo kikazaliwa chama cha wafanyakazi Waafrika, na kiongozi akawa Chege Kibachia. Serikali ya mkoloni ikaunda jopo chini ya jaji Thacker, mishahara ikaongezwa, na marupurupu ya nyumba yakaguswa. Agosti mwaka huohuo wakamkamata Kibachia, wakampeleka Kabarnet, na huko akakaa karibu miaka 10. Haya mambo huwa yanaenda hivyo. Unapata nyongeza, na aliyekuombea nyongeza anapotea. Mara ngapi umesikia jina la Chege Kibachia darasani? Mimi, sifuri.

Angalia lakini walichokuwa wanalalamikia. Pesa, ndiyo. Na nyumba je? Chumba mlichojazana, maji, choo, umbali wa kutembea alfajiri kwenda gatini kutafuta kibarua cha siku. Siku hizi hayo yote tungeyaita mazingira. Wao hawakuwa na neno tofauti. Ilikuwa ni maisha tu, yote kwa pamoja.

Turudi Mikindani.

Miaka ya 2000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari kinawekwa karibu kabisa na nyumba za watu Owino Uhuru, mtaa wa watu kama 3,000. Betri ya gari ya kawaida ndani yake ina sahani za risasi zilizolowa asidi. Risasi, ndiyo, neno lilelile la bunduki, na sijui kama kuna lugha nyingine imesema ukweli namna hiyo kwa neno moja. Ukivunja betri, ukaziyeyusha zile sahani kwa moto, unapata madini ya kuuza nje ya nchi. Unapata pia moshi na vumbi. Vumbi linakaa juu ya mabati, mvua ikinyesha linashuka kwenye mtungi wa maji. Linashika nguo za mfanyakazi, anaenda nalo nyumbani, mtoto anamkimbilia baba yake mlangoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inajificha kwenye mifupa na meno, na kwa mtoto inagusa ubongo ambao bado unajengwa.

Baadhi ya waliofanya kazi mle ndani walikuwa wakaazi wa palepale. Hebu tulia hapo kidogo. Kiwanda kinakupa mshahara mchana, usiku kinakupa moshi. Ukilalamika kuhusu moshi, mshahara unaisha. Ukinyamaza, mtoto anakohoa. Sasa mtu akikuuliza unataka kazi ama hewa, utasema nini?

Mwaka huo wa 2009 kiwanda kinaajiri mama mmoja anaitwa Phyllis Omido. Jina lake wengi mnalijua, lakini mara nyingi anatambulishwa kama mwanaharakati wa mazingira, na ile sehemu ya kwanza inarukwa: alikuwa mfanyakazi. Aliingia pale kama yeyote kati yetu angeingia, anatafuta riziki, ana mtoto mchanga wa kulea peke yake. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya jinsi kiwanda kinavyoathiri mazingira. Alichokuta kikamtisha, akawaambia wakubwa wake kiwanda hakifai kuwa pale. Wakamtoa kwenye hiyo kazi, wakampa nyingine.

Halafu mtoto wake akaugua. Hospitali wakapima malaria, wakapima homa ya matumbo, dawa hazifanyi kazi. Mwishowe damu ikapimwa risasi, ikapatikana. Mtoto hakuwahi kuingia kiwandani. Alikuwa ananyonya.

Angeweza kuishia hapo. Kuacha kazi, kuhama, kuuguza mtoto wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alichukua watoto watatu wa mtaani wakapimwe, na wote wakapatikana na sumu. Hapo ndipo lilipoacha kuwa jambo la mama mmoja. Zikaanza barua kwa ofisi za serikali, mikutano, maandamano. Mwaka 2012 akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman, ile kubwa ya watetezi wa mazingira, na kwa watu wengi stori inaishia hapo, na picha ya tuzo.

Haikuwa imefika hata katikati. Kiwanda kufungwa hakutoi risasi kwenye mifupa. Mwaka 2016 watu 10 wakaenda mahakamani kwa niaba yao na ya mtaa mzima. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na lawama ikagawanywa kati ya kampuni na ofisi za serikali, NEMA ikiwa mojawapo. Yaani mahakama ilisema wazi: nyinyi mliotakiwa kulinda, mlilala. Sherehe ikafanyika. Juni 2023, Mahakama ya Rufaa ikaitupa hukumu. Fikiria uko Owino Uhuru hiyo siku. Umezika mtu, umengoja miaka, umeshinda, halafu unaambiwa hapana, hujashinda.

Walienda tena. Tarehe 6 Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha ile hukumu ya 2020.

Kutoka 2009 hadi 2024 ni miaka 15. Mimi kwa muda huo nimetoka kupakatwa kwenye matatu hadi kuacha chuo. Sisemi mambo yakawa sawa. Hukumu si pesa, na pesa si mtoto. Lakini mwaka 2024 sisi vijana tulikuwa barabarani Juni na Julai, na Desemba ilipofika wengi tulikuwa tumechoka, tunasema hakuna kitu hubadilika nchi hii. Wiki hiyohiyo mahakama kubwa kuliko zote nchini ilikuwa inaandika kuwa watu wa mtaa wa mabati walikuwa sahihi tangu mwanzo. Wangapi kati yetu tuliiposti? Mimi sikuposti. Sikuiona hata.

Mtu ataniambia hiyo ilikuwa sumu, si tabianchi. Sawa. Twende Lamu.

Septemba 2016, NEMA inatoa leseni ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, Lamu. Megawati 1,050, cha kwanza cha aina hiyo Kenya, na mji wa kale wa Lamu uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 uko jirani. Waliokiunga mkono walikuja na lile swali letu: kazi hamtaki? Maelfu ya ajira mnakataa kwa sababu ya samaki?

Jibu la watu wa Lamu ndilo linalonivutia. Hawakusema tunapenda bahari kuliko kazi. Walisema bahari ndiyo kazi. Mvuvi ni mfanyakazi. Nahodha anayebeba watalii ni mfanyakazi. Mama anayekaanga samaki pia. Tena walikuwa wameshajaribu hiyo hoja mahakamani kwa jambo jingine: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Mvuvi hana barua ya ajira, hana stakabadhi ya mshahara, na bado mahakama ilikubali kuwa amepoteza riziki yake.

Kwa makaa ya mawe, kikundi cha Save Lamu kilipeleka kesi kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo ni kama mahakama ndogo ya kupinga leseni. Tarehe 26 Juni 2019, leseni ikafutwa. Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ile sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Benki kubwa ya China iliyokuwa itoe pesa ikajitoa mwaka 2020. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa hiyo. Miaka tisa. Hakuna hata gunia la makaa lililochomwa Kwasasi.

Shuleni tulifunzwa Wangari Maathai kama bibi wa miti. Hiyo ni nusu yake. Vuguvugu lake la Green Belt, lililoanza 1977, lilikuwa linawalipa akina mama kitu kidogo kwa kila mche uliopona, kwa sababu wazo lenyewe lilianzia kwenye shida zao: kuni mbali, maji mbali, mfukoni hakuna kitu. Na kabla ya miti kumpa jina, akiwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Nairobi, alipigania wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume, hadi akajaribu kugeuza jumuiya ya wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi. Lakini ukitafuta picha yake, atakuwa ameshika jembe na mche.

Sasa kichwa cha hii posti. Nilikaa siku moja nikasoma Katiba ya 2010, ile sura ya haki, si kwa mtihani, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Kifungu cha 41: kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, ujira wa haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama, kugoma. Kifungu cha 42, kinachofuata palepale: kila mtu ana haki ya mazingira safi yenye afya. Wamepangwa kama nyumba mbili za ploti moja, ukuta ni mmoja. Ukienda kifungu cha 162, unakuta Katiba inaagiza mahakama mbili maalum zenye hadhi ya Mahakama Kuu. Moja ya mambo ya ajira, nyingine ya mazingira na ardhi. Zimetajwa pamoja, herufi a na b.

Halafu kuna cha 70, ambacho kama ungekuwa ni wimbo ningeuweka usiku kucha. Kinasema ukienda mahakamani kutetea mazingira, si lazima uthibitishe kuwa wewe binafsi umeumia. Huhitaji kungoja mtoto wako augue. Wale wa Owino Uhuru walianza kupiga kelele 2009, kabla hicho kifungu hakijakuwepo.

Kwa nini nilikuwa nimekasirika: nilikuwa nimetoka kufutwa. Baada ya kuacha chuo (karo, tusiongee sana) nilipata kazi Nairobi ya kuweka alama kwenye picha ili kompyuta ijifunze kuona. Hii ni gari, hii ni mti, hii ni mtu. Kampuni siitaji. Tulilipwa kwa picha, si kwa saa, na picha zikikataliwa hukulipwa na hukuambiwa kwa nini. Miezi minne. Asubuhi moja ukurasa haukufunguka, na hiyo ndiyo ilikuwa barua ya kufutwa. Mamangu nilipompigia akaniambia, "Pole mwanangu, lakini angalau ulikuwa unafanya kazi ndani, hakuna vumbi." Nikacheka. Yeye amefanya kazi ya vumbi maisha yake yote.

Kazi za ndani pia zina vumbi lake. Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, alikuja Nairobi kukagua video za Facebook kupitia kampuni ya Sama, video ambazo zikikaa kichwani hazitoki. Alijaribu kuwaunganisha wenzake, akafutwa 2019. Mei 2022 akashtaki. Mwaka uliofuata wakaguzi zaidi ya 180 waliopoteza kazi wakashtaki pia, na tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 wakakutana Nairobi na kupiga kura kuunda chama chao. Meta ikasema mahakama za Kenya haziwezi kuigusa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema zinaweza. Huyo ndiye Kibachia wa enzi yetu, tofauti ni kwamba hakupelekwa Kabarnet. Nilipokuwa nasoma hiyo kesi nilikuwa bado nadai pesa za picha zangu. Bado nadai.

Nimalizie na kitu kinachoninyima usingizi siku hizi. Kila mtu anaongea umeme wa jua, na mimi naunga mkono, kabisa. Nyumba nyingi zisizo na stima ya kawaida zina paneli juu ya bati na betri chini ya kitanda, na nyingi ya hizo betri ni zilezile za risasi na asidi. Zinazeeka. Zikizeeka, mtu lazima azivunje, mtu lazima aziyeyushe, na huyo mtu atakuwa anaishi karibu na mtaa wa mtu. Tukishangilia jua na tusiulize nani anavunja betri, akiwa amevaa nini, analipwa ngapi, ana chama ama hana, tutaijenga Owino Uhuru nyingine kwa mikono yetu, na safari hii tutaipaka rangi ya kijani.

Disemba iliyopita nilikuwa nyumbani Changamwe. Jirani ya mamangu, mzee wa makamo, alikuwa na betri imekufa, ile ya paneli aliyonunua kwa mkopo. Akapita kijana wa mkokoteni anayenunua vyuma kuukuu, mdogo kuliko mimi, mikono mitupu, hana glavu. Akaiinua betri kifuani kama mtoto, asidi ikitiririka kidogo pembeni, akampa mzee noti mbili za mia tano. Nikamuuliza hizi huwa zinaenda wapi.

"Yadi," akasema.

Na baada ya yadi?

Akaniangalia kama mtu aliyepoteza muda. "Hapo muulize mwenye yadi, bro. Mimi nalipwa kwa kilo."

Nimeshapata yadi yenyewe iko wapi. Jumatatu naenda.